Kikombe Chenye Mfuniko

Mwaka jana, asubuhi moja ya jua kali, nilivuka nusu ya kambi nikiwa nimevaa koti. Watu wakaniuliza, mbona koti? Nikasema homa. Kwapani, ndani ya koti, nilikuwa na kikombe kidogo cha plastiki chenye shahawa zangu. Mtu wa maabara alikuwa ameniambia zisipoe, na zifike kabla ya saa nzima kupita, kwa sababu zikichelewa mbegu zinakufa na hesabu inakuwa ya uongo. Mfuniko haukuwa unafunga vizuri. Nilitembea kama mtu aliyebeba yai.

Naandika haya kwa sababu katika kurasa zetu hizi tumeshasoma habari za kukimbia, za mgao, za shule, na wanawake wameandika kwa ujasiri juu ya kujifungua. Sisi wanaume kwenye habari hiyo tumekaa kimya, kama vile watoto huokotwa ziwani. Jina langu mhariri analijua, inatosha.

Mimi ni mtu wa Rumonge, mtaa wa Waswahili, pale ambapo harufu ya mawese na harufu ya ndagala walioanikwa zinakutana pamoja. Baba alikuwa anakamua mawese. Mimi nikachagua ziwa: usiku wa giza tunatoka na taa, mwezi ukiwa mkubwa tunalala nyumbani. Mukeke kwa wenye hela, ndagala kwa sisi wengine. Mwaka 2012 nilitaka kuoa, sheikh wetu akasema nendeni mkapime kwanza. Tukapima siku moja, majibu tukapewa ndani ya chumba kimoja kwa sababu tulisema wenyewe tunataka hivyo. Yeye hana. Mimi ninavyo.

Kwetu tulisema SIDA, Kifaransa hicho. Huku ndipo nilipojifunza kusema UKIMWI, na kwamba virusi ni jambo moja na ugonjwa ni jambo jingine. Lakini jina lolote, wakati ule masikioni mwangu lilikuwa kaburi. Redioni tulikuwa tumeshamsikia Jeanne Gapiya, yule mama aliyempoteza mume na mtoto, akaanzisha ANSS mwaka 1993, na akawa Mrundi wa kwanza kusimama hadharani na kusema ninavyo. Tulimsikia, tukamheshimu, kisha tukazima redio.

Mchumba wangu alinyamaza siku tatu. Siku ya nne alimtuma mdogo wake aje kuniuliza kama kitambaa cha harusi nimeshanunua au bado.

Mhudumu wa kituo kimoja, sitakitaja, alitupa boksi la kondomu na maneno mafupi: "Hizi kila siku. Habari ya watoto, msahau." Hakuwa mtu mbaya. Nadhani ndivyo alivyofundishwa. Ila aliyesema vile hakuwa anajua, au alijua na hakujali, kwamba kwetu mtu akioa jina lake la zamani linaanza kufa. Anasubiriwa mtoto wa kwanza ili aitwe Baba Fulani, Mama Fulani. Mtoto asipokuja, watu hawajui wakuite nani. Mama yangu aliishi kwa kumwita mke wangu "wewe binti" miaka na miaka, si kwa dharau, ni kwa kukosa neno. Huku kambini mke wangu anauza mawese kwa vipimo vya chupa, basi majirani wanamwita Mama Mawese. Anaitika.

Mwaka 2013 mtoto wa shangazi yangu anayeishi Ubelgiji alinipigia simu.

"Kaka, huku wanaosha."

"Wanaosha nini?"

"Mbegu."

Nilicheka sana. Nikawaza ndagala: ukiwaanika chini wanashika mchanga, mama anawatia kwenye beseni, anawageuza, mchanga unabaki chini, ndagala anawachota juu. Kumbe sikuwa mbali na ukweli, ila mambo yamegeuzwa juu chini.

Nieleze kama nilivyoelezwa baadaye na watu wanaojua. Shahawa si kitu kimoja. Kuna mbegu zenyewe, zenye kichwa na mkia. Kuna majimaji yanayozibeba. Na humo mna chembe nyeupe za kinga. Virusi huelea kwenye majimaji na hukaa ndani ya zile chembe nyeupe. Mbegu iliyokomaa siyo nyumba yao. Daktari mmoja wa Milano, Italia, Augusto Semprini, ndiye aliyeshika hoja hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 akaifanyia kazi. Shahawa zinamiminwa juu ya maji mazito ndani ya mrija, mrija unazungushwa kwa kasi kwenye mashine. Mbegu nzima zinashuka chini. Majimaji na zile chembe yanabaki juu, yanamwagwa. Mbegu zinaoshwa tena, zinawekewa maji yenye chakula chake, kisha zinaachwa zipande zenyewe: zenye nguvu zinaogelea kwenda juu, na hizo ndizo zinachotwa. Halafu, na hapa ndipo penyewe, sehemu ya zile zilizooshwa inapelekwa kwenye mashine inayotafuta vinasaba vya virusi. Ikikuta kitu, zote zinatupwa. Isipokuta, zinaingizwa kwenye mji wa mimba kwa mrija mwembamba, siku ambayo yai la mwanamke liko tayari.

Kwa nini kupima baada ya kuosha? Kwa sababu kuosha ni kazi ya mikono. Mwaka 1990 Marekani ilitangazwa habari ya mwanamke aliyeambukizwa baada ya kuwekewa shahawa za mumewe zilizokwisha kutayarishwa maabara, na serikali ya kule ikashauri watu waache kabisa. Miaka miwili baadaye Semprini akachapisha habari za wanawake 29 aliowahudumia Milano, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mwaka 2007 vituo vya Ulaya vilikusanya hesabu zao pamoja: wenza zaidi ya 1,000, majaribio zaidi ya 3,000, na hakuna mwanamke aliyeonekana kuambukizwa.

Mtoto wa shangazi alinitajia na bei. Nikapiga hesabu kwa mukeke. Nikaona nitavua mpaka ziwa likauke.

Kisha ikaja 2015. Wengi mnaosoma hapa mnaijua kuliko ninavyoweza kuieleza. Bujumbura ilipowaka mwezi wa Aprili, sisi wa pwani tulisikia risasi kwa simu kwanza. Mwezi wa Mei tukashika maji usiku kwenda kusini mpaka Kagunga, upande wa Tanzania, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, watu makumi elfu, na kipindupindu kikaingia. Liemba, ile meli ya Wajerumani wa zamani, ikatupeleka Kigoma, tukalala Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi.

Nilikuwa nimeanza dawa mwaka mmoja kabla. Makopo yalikuwa kwenye mfuko mmoja na unga, na mfuko huo ulibaki kwenye mchanga wa Kagunga au majini, sijui. Tulipofika kuandikishwa, waliuliza wazi: kuna mtu anatumia dawa za kila siku? Mbele yangu alisimama jirani yetu wa Rumonge, nyuma yangu mwalimu aliyenifundisha shule ya msingi. Nikasema hakuna. Hilo ni kosa langu, si la mtu mwingine. Karibu miezi minne sikumeza kidonge, na mwili ulikuwa mzima, nikawa najiambia labda viliishia njiani kama vitu vingine.

Mke wangu ndiye aliyekwenda kwa muuguzi bila kuniambia. Nilirudishwa kwenye dawa. Lakini tulikuwa tunaishi hema moja na familia nyingine, na mimi nilikuwa nikisubiri watoke ndipo nimeze, wasipotoka, simezi. Kopo lina kelele. Nani asiyejua kelele ya kopo lile? Nilijaza pamba ndani lisigonge.

Baada ya miezi sita wakanitoa damu kupima wingi wa virusi. Nilikuwa sijawahi kupimwa hivyo. Rumonge walinihesabia askari wa mwili tu, CD4, yaani wanahesabu walinzi wako, hawahesabu wezi. Karatasi ikarudi: 4,800 kwa mililita moja. Muuguzi, mama wa makamo kutoka Kasulu, akanitazama.

"Kaka yangu, dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Unakunywa, au unazo?"

Hapo nikaanza kulia, mtu mzima. Kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo, usiku mmoja, mimi na mke wangu tulikuwa tumeamua kuacha kondomu. Tuliona tumeshavuka ziwa na kipindupindu, tunaogopa nini tena. Nilimwambia yule mama. Hakunifokea. Alisema mlete mkeo leo hii.

Usiku wenyewe ulikuwa umeshapita siku kumi na nne, na dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zinataka ndani ya siku tatu. Kwa hiyo tulichobaki nacho ni kungoja. Alipimwa siku ile, akapimwa tena baada ya wiki kadhaa, akapimwa baada ya miezi mitatu. Sitaeleza ile miezi mitatu. Nitasema tu kwamba alikuwa ananipa chakula na kunitazama nikimeza vidonge, kila siku, mbele ya wale tuliokaa nao hema moja, mpaka na wao wakajua, na hakuna aliyesema kitu. Jibu lake lilitoka: hana.

Tangu hapo ile namba ikawa kama mtoto wetu. Tuliisubiri, tuliiuliza. Ikashuka mpaka karatasi ikaandika kwamba havikuonekana. Muuguzi alituweka kitako na kutusimulia ya Rakai, Uganda. Kule watafiti waliwafuatilia wenza 415, mmoja ana virusi mwingine hana, na mwaka 2000 wakatangaza kwamba katika wote wale ambao virusi vya damu vilikuwa chini ya 1,500, hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Na hiyo ilikuwa kabla dawa hazijafika kwao. Mwaka 2008 madaktari wa Uswisi wakasema hadharani kwamba mtu anayemeza dawa vizuri, ambaye virusi havijaonekana kwa miezi sita, na hana ugonjwa mwingine wa zinaa, haambukizi. Walitukanwa sana kwa kusema hivyo. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa nchi tisa, Kisumu ya Kenya ikiwemo, ukaonyesha kwamba dawa zikianzwa mapema maambukizi kati ya wenza yanapungua kwa asilimia 96. Siku hizi Shirika la Afya Duniani limeandika bila kuzunguka: visipoonekana, hatari ya kumwambukiza mwenzako kwa kujamiiana ni sifuri.

"Kwa hiyo kuosha hakuna haja?" mke wangu akauliza. Alikuwa hajasahau ile simu ya Ubelgiji.

"Damu yake imeshaoshwa kutoka ndani," muuguzi akasema. "Na wewe ukitaka, kuna dawa kinga, unameza mwenyewe wakati mnatafuta."

Alitaka. Alisema hawezi tena kukaa akitegemea kopo la mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mumewe. Sikukasirika. Au nilikasirika kidogo, kisha nikakumbuka pamba.

Tukatafuta. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine. Kila mtu alimtazama yeye. Yeye ndiye aliyepimwa damu, akapigwa picha ya tumbo, akapewa majani na bibi mmoja wa kijiji cha nne, akaombewa. Mama yangu alipiga simu kutoka Rumonge akasema kwa upole uliokata kuliko kisu: "Mwanangu, na wewe uangalie." Sikuelewa anasema niangalie mwanamke mwingine au nijiangalie mimi. Nikaamua alimaanisha la pili.

Ndivyo nilivyofika kwenye kikombe.

Mtu wa maabara ni kijana mdogo, ananiita mzee ingawa sijafika arobaini na tano. Alipokea kikombe bila kucheka, nami nikamshukuru moyoni. Nikamuuliza kile nilichokuwa nimekibeba pamoja na kikombe: "Dokta, maadamu ziko hapa, si upime na virusi humo humo? Damu mmeshapima mara kumi. Lakini mtoto hatoki kwenye damu ya mkono."

Akaweka kalamu chini. Alisema swali ni la haki kabisa. Watu wamewahi kupima shahawa kweli, na si Ulaya tu: wenza kutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine walitoa sampuli, wanaume shahawa na wanawake majimaji ya mlango wa kizazi, na mwaka 2011 matokeo yakachapishwa. Kadiri virusi vinavyokuwa vingi kule, hatari ya kuambukiza inapanda, hata ukishaweka kando hesabu ya damu. Kwa hiyo damu na shahawa ni ndugu, lakini si pacha. Kuna dawa zinazoingia vizuri kwenye damu na kuingia kidogo kule. Na kuna magonjwa yanayofungua mlango: Malawi, mwaka 1997, wanaume wenye VVU ambao walikuwa pia na usaha kwenye njia ya mkojo walikutwa na virusi mara nane zaidi kwenye shahawa kuliko wenzao wasio na usaha, walipotibiwa kisonono, ndani ya wiki mbili vikashuka.

"Ndiyo maana walikuuliza kama unawashwa ukikojoa," akasema. Nilikuwa nimeliona swali la kunidhalilisha. Kumbe lilikuwa ni kipimo cha shahawa cha mtu maskini.

"Sasa mbona hampimi?"

Mashine wanazotumia, akasema, zimetengenezewa damu. Shahawa zina vitu vyake vinavyozuia ule mchakato wa kukuza vinasaba. Usipozisafisha kwanza na kuweka alama ya kujihakiki, mashine inaweza kuandika hakuna kitu kumbe imefungwa macho. Jibu la hivyo ni baya kuliko kukosa jibu. Na hata ukipima vizuri, wako wanaume ambao damu yao ni safi na mara moja moja vinaonekana vichache kwenye shahawa, halafu mwezi unaofuata havipo. Lakini katika tafiti zile za wenza waliofuatiliwa miaka, watu kama hao hawakuambukiza. Basi namba hiyo ingekuja kututia hofu bila kubadilisha ushauri.

Nilimwelewa. Lakini niseme ukweli wangu: kichwa kilielewa, mwili ulitaka kuiona karatasi. Mtu aliyekoswa na kitu kwa wiki mbili haambiwi "sifuri" akalala usingizi siku hiyo hiyo. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma, hili naliacha kwenu. Mnatuambia sifuri mkiwa mmesimama na faili. Kaeni chini kwanza.

Majibu ya kikombe yalitoka kesho yake. Hayakuhusu virusi. Mbegu milioni 4 kwa mililita, na nyingi zinazunguka pale pale kama mtumbwi wenye kafi moja. Kiwango cha chini wanachokihesabu kuwa kawaida ni milioni 16. Miaka yote ile tunaogopa wingi wa kitu kimoja, kumbe tatizo ni uchache wa kingine.

Akaniuliza kazi. Nikasema tanuri la mikate, miaka sita, nasimama mlangoni mwa moto tangu saa tisa usiku. Akatikisa kichwa. Joto linaziua. Mbegu mpya zinahitaji karibu miezi mitatu kutengenezwa. Niondoke kwenye moto, nipime tena. Nimeacha tanuri. Hela ya tanuri ndiyo iliyokuwa inanunua mawese ya jumla anayouza mke wangu, kwa hiyo sasa anachukua kwa mkopo. Hajaniambia neno.

Kama hesabu haitapanda, tumeshaelezwa kinachobaki: watu wa kutusaidia kwa maabara. Kampala mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa 2004, Nairobi 2006, si hadithi za Ubelgiji tena. Na kule, kwa mtu kama mimi, wangezungusha mrija, wangechota zile chache zinazoogelea, na kituo makini kingepima virusi kwenye zilizooshwa kabla ya kumgusa mke wangu. Yaani ile simu ya 2013 imerudi, kwa mlango mwingine. Nilipomweleza mke wangu alicheka kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Akasema, "Basi utaiona karatasi yako." Bei hatukuizungumza. Na mkimbizi kuvuka mpaka kwa ajili ya jambo hilo, hiyo ni barua nyingine ya kuomba kibali ambayo sijui naianza kwa maneno gani.

Miezi mitatu inaisha Jumatatu. Karatasi ya mwisho ya damu iko kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, bado inasema havikuonekana. Mke wangu ana dawa zake, mimi nina zangu, na makopo yote mawili yako mezani wazi, hayana pamba. Nimeshakwenda kwa yule kijana wa maabara kuomba kikombe kingine, akanipa, nikakijaza maji, nikakipindua mbele yake. Kilivuja. Akaniletea kingine.